Maswali ya Wasomaji: Kuhama Shule ya Udereva Kabla ya Kumaliza Mafunzo

Swali la kwanza

Ndugu Mshauri,

Nimepita nusu ya mafunzo yangu ya udereva na mtihani wa nadharia nimeshafaulu, lakini bado sijiamini nikiwa barabarani. Katika shule ninayosoma, mwalimu hubadilika karibu kila wiki. Mmoja ananiagiza nishushe gia moja baada ya nyingine ninapokaribia makutano, na mwingine ananikaripia kwa kufanya hivyo hivyo. Yupo anayetumia sehemu kubwa ya somo akizungumza kwenye simu, na mara kwa mara hukanyaga breki ya upande wake bila kunieleza kosa langu lilikuwa lipi. Ndugu zangu wananisihi nivumilie kwa kuwa ada imekwisha kulipwa, ilhali rafiki yangu ananishauri nihamie shule anayosoma yeye. Je, nikihama nitaanza upya? Masomo niliyokwisha kuyapata yatahesabiwa? Na nitajuaje kwamba tatizo ni la shule na si langu mwenyewe?

Dada M.

Jibu

Dada M., nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu likijibiwa vibaya hayo mengine hayatakuwa na faida. Kila anayejifunza kuendesha gari hufika mahali anapojiona anarudi nyuma badala ya kusonga mbele, na mara nyingi hali hiyo humpata katikati ya mafunzo. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuachia klachi polepole na kuliweka gari kwenye njia yake. Sasa anatakiwa afanye hayo huku akitazama vioo, akisoma alama, akikadiria mwendo wa gari linalotokea barabara ya pembeni na kumchunga mwendesha baiskeli aliye mbele yake. Uangalifu wa binadamu una kikomo, na maadamu miguu bado inahitaji kufikiriwa, jambo jipya likiingia la zamani husahaulika. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akiondoa gari vizuri kabisa kwenye uwanja mtupu huzimikiwa na injini pale anapokuwa na foleni nyuma yake. Kuhama shule hakuondoi hali hiyo. Huondolewa na kurudia zoezi mpaka miguu ifanye kazi bila kuamrishwa, na shule mpya itakupitisha hapo hapo.

Hata hivyo, mengi uliyoyaandika si ya aina hiyo. Mwalimu anayezungumza kwenye simu hafundishi, na zaidi ya hapo anahatarisha maisha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mwalimu akiitazama simu yake kwa sekunde 2 tu, gari lililo mikononi mwa mwanafunzi limekwenda mita 28 hivi bila msimamizi.

Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hiyo breki inayokanyagwa kimya kimya. Magari mengi ya kufundishia yana pedeli za ziada upande wa mwalimu, na mwalimu ana wajibu wa kuzitumia hatari inapotokea. Lakini akizitumia bila kusema, mwanafunzi huamini kwamba yeye ndiye aliyelisimamisha gari kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, kumbe alikuwa amechelewa, na siku atakapoendesha peke yake hapatakuwa na mguu mwingine wa kumwokoa. Katika somo lako lijalo, kila gari linapopunguza mwendo kuliko ulivyotarajia, muulize mwalimu kwa adabu kama amekanyaga breki yake, na kwa nini. Jibu lake, pamoja na namna atakavyolipokea swali lenyewe, vitakusaidia kuamua kuliko maoni ya ndugu zako na ya rafiki yako kwa pamoja.

Kabla ya kuhama iko hatua moja ambayo wanafunzi wengi huiruka. Nenda kwa msimamizi wa shule, umweleze uliyonieleza mimi, na uombe upewe mwalimu mmoja atakayekuwa nawe hadi siku ya mtihani. Andika ombi hilo, ulitie tarehe, na ubaki na nakala. Shule inayojali kazi yake italishughulikia, na utakuwa umepata mabadiliko uliyoyahitaji bila kupoteza chochote. Ikikujibu kwamba waalimu wote ni sawa, au ikikupa mwalimu mmoja na baada ya wiki mbili ikarudia mtindo wa zamani, hapo unayo sababu ya kutosha ya kuondoka. Ushauri huu wa kuomba kwanza haumhusu mwanafunzi anayetukanwa, anayeguswa isivyostahili, au anayedaiwa fedha na fadhila za pembeni ili apangiwe mtihani. Huyo aondoke siku hiyo hiyo, na atoe taarifa kwa mamlaka inayosimamia shule za udereva au kwa polisi.

Kuhusu kuhesabiwa kwa masomo, jibu hutegemea sheria ya nchi unayofanyia mtihani. Ziko nchi ambazo haziulizi umejifunzia wapi wala kwa muda gani. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi halazimiki kupitia shule yoyote. Anachopimwa ni uwezo wake siku ya mtihani, na anayehama hana saa za kuhamisha kwa sababu hakuna anayezihesabu. Ziko nchi ambazo mafunzo ya shuleni ni ya lazima, na huko karatasi huwa na uzito mkubwa. Ujerumani, mwanafunzi anapohama, shule anayotoka inatakiwa imthibitishie kwa maandishi sehemu za mafunzo alizokwisha kuzipitia, ili shule mpya iendelee kutoka hapo. Uliza, basi, ofisi inayotoa leseni, wala usitosheke na maneno ya shule unayoiacha au ya ile inayokutaka, kwa kuwa zote mbili zina maslahi katika jibu.

Mtihani wa nadharia ulioufaulu ni wako, si wa shule, na kwa kawaida huhama pamoja nawe. Angalia tu muda wake wa kuisha, kwani matokeo hayo hayadumu milele: Uingereza, cheti cha nadharia hudumu miaka 2, na asiyefaulu mtihani wa barabarani katika muda huo hulazimika kuurudia ule wa nadharia. Angalia vilevile tarehe ya mwisho ya leseni yako ya mwanafunzi, na ujue nani anayeshikilia miadi ya mtihani wa barabarani. Ikiwa shule ndiyo iliyoipanga kwa kutumia akaunti yake, hakikisha kabla ya kuaga kwamba haitafutwa, au kwamba utaweza kupanga nyingine bila kusubiri sana.

Sasa nije kwenye hofu ya kuanza upya. Ujuzi ulioingia mikononi na miguuni mwako hautabaki kwenye lile gari la zamani. Kitakachobaki nyuma ni vile mwalimu anavyokujua: kwamba unasahau kioo cha upande wa kushoto unapobadilisha njia, kwamba unaogopa magari makubwa, kwamba ukielezwa kwa maneno mengi unachanganyikiwa lakini ukionyeshwa mara moja unaelewa. Mwalimu mpya hayajui hayo, na asipoyajua atatumia masomo kadhaa kuyagundua kwa gharama yako. Kwa upande wako hasara hii imekwisha kutokea, kwa sababu waliokufundisha walikuwa wanapokezana na huenda hakuna hata mmoja anayekujua. Ndiyo maana nadhani unachokihofia kukipoteza kwa kuhama hukuwahi kupewa.

Dawa yake ni kuandika. Chukua karatasi uigawe sehemu tatu: mambo unayoyafanya peke yako bila kukumbushwa, mambo unayoyafanya ukielekezwa, na mambo ambayo hujawahi kuyafanya kabisa. Usiandike kwa jumla kwamba unajua makutano. Andika makutano ya aina gani: yenye taa, yasiyo na taa, ya mzunguko, ya kukata kona kuvuka njia ya magari yanayokuja mbele yako. Andika kama umewahi kuendesha usiku, kwenye mvua, kwenye barabara ya mwendo wa kasi, na kama umewahi kuondoa gari kwenye mwinuko bila kurudi nyuma. Sehemu ya tatu ndiyo ya kuandika kwa ukweli zaidi, kwa maana wanafunzi wengi hujisikia aibu kukiri kwamba baada ya miezi ya masomo hawajawahi kuegesha gari kwa kurudi nyuma kati ya magari mawili. Mwalimu mpya akiambiwa mapema atapanga somo la kulishughulikia. Akifichwa, jambo hilo litamfikia mtahini kabla yake. Omba pia shule unayoiacha ikupe kumbukumbu ya masomo yako, ikiwa na tarehe na saa, hata kama sheria hailazimishi.

Hoja ya ndugu zako kuhusu ada inastahili hesabu, ingawa wameishika upande usiofaa. Fedha iliyokwisha kutumika kwa masomo yaliyopita haitarudi ukibaki wala ukiondoka, kwa hiyo isiingie kwenye uamuzi. Inayohusika ni ile ya masomo uliyoyalipia na ambayo hujayapata. Soma mkataba au risiti yako uone unasema nini kuhusu kurejeshewa, kisha udai kwa maandishi, ukitaja idadi ya masomo yaliyobaki. Ikiwa hayarejeshwi, linganisha thamani yake na gharama ya kufeli mtihani na kuurudia. Mara nyingi masomo matatu yaliyobaki kwa mwalimu asiyekufundisha hayana thamani ya masomo matatu.

Kuhusu shule ya rafiki yako, usiende kwa sababu yeye anafurahia. Anayemfurahisha huenda ni mwalimu mmoja, na wewe ukapewa mwingine. Uliza utafundishwa na nani na kama atakuwa yuyo huyo hadi mwisho, uliza kama gari utakalofanyia mtihani ndilo utakalojifunzia, na uhakikishe ni la aina ile ile ya gia, kwa kuwa katika nchi nyingi anayefaulu kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la manyuo, yaani la gia zinazobadilishwa kwa mkono. Omba somo moja la kupimwa kabla ya kulipia kifurushi kizima. Shule inayokuambia ulipe yote kwanza, au inayomwanzisha kila mgeni somo la kwanza bila kumpima, haikutazami wewe.

Katika somo hilo la kwanza utaendesha vibaya kuliko ulivyozoea, na nakuomba usilipime kwa hilo. Klachi ya gari jipya itashika juu zaidi au chini zaidi, breki itakuwa laini au kali, na boneti itaonekana ndefu. Kwa kawaida masomo machache hutosha kuyazoea hayo. Tofauti za waalimu ndizo zinazohitaji akili zaidi. Hilo la gia lililokusumbua, kwa mfano, halikustahili karipio lolote: breki ndiyo inayopunguza mwendo, na gia huchaguliwa ili ilingane na mwendo uliofikiwa, kwa hiyo mtu anaweza kushusha moja moja au akatoka ya 4 hadi ya 2 mara tu mwendo unaporuhusu, na yote mawili ni salama yakifanywa kwa utulivu. Kukanyaga klachi mapema, mbali kabisa na makutano, si suala la mtindo, kwa sababu hulitenga gari na injini yake na kuliacha lijiendee kwa uzito wake. Mwalimu mpya anapokuambia kitu tofauti na cha mwanzo, muulize ni sheria, ni usalama, au ni mazoea yake. Mwalimu mzuri hujibu swali hilo bila kukasirika.

Ukiamua kuondoka, panga somo la kwanza huko uendako kabla hujaaga huko utokako, ili usikae wiki nyingi bila kushika usukani. Katikati ya mafunzo ujuzi bado ni mchanga, na hufifia upesi usipotumika.

Swali la pili

Ndugu Mshauri,

Kijana wangu amefeli mtihani wa barabarani mara mbili. Mimi ndiye ninayemlipia, na nimeanza kuona kwamba shule yake haifai. Yeye anasema anampenda mwalimu wake na hataki kuhama. Mtihani wa tatu umekaribia. Je, nimhamishe?

Mama wa kijana

Jibu

Mama, kabla ya kuihukumu shule, ziwekeni mezani karatasi za matokeo ya mitihani yote miwili na mzisome pamoja. Kama mtahini hakutoa karatasi, mwombe kijana akumbuke alichoambiwa. Kinachotafutwa ni kimoja: je, makosa ni yale yale? Ikiwa mara ya kwanza alifeli kwa kutotazama vioo kabla ya kuondoka na mara ya pili akafeli kwa hilo hilo, basi kati ya mitihani hiyo miwili hakuna aliyelishughulikia, na hapo shaka yako juu ya mafunzo ina msingi. Lakini ikiwa mara ya kwanza yalikuwa makutano, na mara ya pili makutano yalikwenda vizuri akakosea kurudi nyuma, mwalimu huyo amefanya kazi yake na kijana anasonga mbele. Kumwondoa sasa kungekuwa kumwadhibu kwa maendeleo yake.

Iko njia ya katikati ambayo watu wengi hawaifikirii. Mlipie somo moja tu kwa mwalimu wa nje, asiyemjua, aendeshe naye kama vile ni mtihani, kisha amweleze wazi alichokiona. Mwalimu aliyezoea mwanafunzi huacha kuyaona makosa madogo anayoyaona kila siku, na jicho geni huyaona katika dakika za kwanza. Somo hilo litamsaidia pia kuzoea kuendesha akiwa na mtu asiyemfahamu pembeni, jambo linalowatetemesha wengi mbele ya mtahini kuliko barabara yenyewe. Mwalimu wake wa sasa akielezwa matokeo na akayapokea, mna timu nzuri.

Usimhamishe kabisa wakati mtihani uko karibu hivi. Masomo mawili matatu kwenye gari jipya na kwa mwalimu mpya hayatoshi kubadili mazoea, bali hutosha kuyavuruga. Ikibidi kuhama, tarehe ya mtihani isogezwe kwanza. Naomba pia, kwa heshima, umsikilize anaposema anampenda mwalimu wake. Unalipa wewe, lakini anayekaa nyuma ya usukani ni yeye, na mwanafunzi asiyemwogopa mwalimu wake huuliza maswali ambayo mwenye hofu huyameza.

Swali la tatu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa udereva. Hunijia wanafunzi waliotoka shule nyingine katikati ya mafunzo, na karibu wote huniambia kwamba mambo yote wamekwisha kufundishwa. Nikiwarudisha kwenye misingi huona kwamba ninawaongezea masomo ili nijipatie fedha, na nikiwaamini napata hofu barabarani. Nifanyeje?

Mwalimu

Jibu

Mwalimu, shaka yao ina sababu, kwa kuwa wengine waliowahi kuhama walirudishwa mwanzo bila kupimwa, na habari hizo husambaa. Unaweza kuiondoa kwa kuwaacha waonyeshe badala ya kusimulia. Anza kwenye barabara tulivu, na kabla injini haijawashwa tazama tu: je, anarekebisha kiti, vioo na mkanda bila kuambiwa? Mwache aondoke, asimame, na akate kona mbili tatu huku wewe ukisema machache kadiri iwezekanavyo, kisha muongeze barabara yenye magari zaidi kwa kadiri anavyokuonyesha kwamba anaweza. Popote utakapolazimika kutumia pedeli zako, mwambie pale pale. Mwisho wa somo mpe kwa maandishi ulichokiona: alichokimudu, kilichohitaji msaada wako, na unachopendekeza kifuate. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba ulimshikia usukani mara mbili hatabishana nawe kuhusu kurudia zoezi la kuliweka gari katikati ya njia yake.

Jiepushe na kumsema vibaya aliyekutangulia. Kijana anayeambiwa kwamba alifundishwa ovyo hupoteza imani hata na yale anayoyafanya vizuri, na wewe hukuwemo kwenye gari lile kujua kilichosemwa.

Usijaribu pia kumbadilisha kila kitu ili afanane na wanafunzi wako wengine. Tabia aliyokuja nayo ikiwa ni salama na haiwezi kumfelisha, iache hata kama wewe ungefundisha tofauti. Ikiwa ni ya hatari, kama vile kusafiri huku mguu umepumzika juu ya klachi, au kutazama kioo baada ya kuwasha indiketa na kuanza kugeuka badala ya kabla, ichukue moja kwa wakati na uieleze sababu yake. Wala usiihesabu kuwa imekwisha kwa kuwa ameacha kuifanya kwenye barabara tupu. Mazoea ya zamani hurudi mtu anapobanwa, kwa hiyo mpeleke kwenye makutano yenye msongamano, mkiwa na magari nyuma yenu, na utazame kama mguu na jicho vinafuata mafunzo mapya.